Gauni la Marehemu Mama

Dada yangu mpenzi,

Huku wote tuko wazima, isipokuwa pua zetu. Tangu baridi ianze, shemeji yako amegeuka mchoraji. Kila jioni anaegemeza simu kwenye birika, mwalimu wa kwenye video anachora ziwa, naye anachora kitu kama uji uliomwagika. Nyumba nzima inanuka tapentaini, yale mafuta makali ya kusafishia brashi. Jana nilikunywa chai nikakuta unywele wa brashi ulimini. Nikakimbilia sinki kutema, nalo limeganda rangi ya kijani kama kamasi.

Hayo ningeyameza. Lakini mwalimu wake alisema brashi zifutwe kwa kitambaa laini kilichochakaa, na bwana akafungua kabati. Lile gauni la kulalia la marehemu mama, nililokuwekea bila kulifua ili ukija ulinuse, amelichanachana.

"Si lilikuwa chafu," akaniambia, huku akijifutia vidole.

Nimenusa kila kipande, dada, hata kola. Ni tapentaini tupu.

Ziwa lake amelitundika sebuleni. Anasema nikuulize kama nawe akuchoree.

Mdogo wako,
mwenye kichefuchefu