Nimemchora Baba Mkwe, na Koito ni Wiki Ijayo

Mpendwa Shangazi Drusilla, naomba unishauri haraka, na uvumilie mwandiko kwa sababu naandika mbio, nusu ni furaha na nusu ni woga. Mimi ni karani kwenye kituo cha kununulia majani chai hapa karibu na Kiptere, na zile katuni za gazeti hili zenye sahihi ya Sindano, Shangazi, Sindano ni mimi! Hakuna anayejua ila mhariri na rafiki yangu Phelis. Huwa nachora tukingoja lori, wakulima wakiwa kwenye foleni na vikapu vyao, naiba pua ya huyu na masikio ya yule, ndivyo nilivyojifunza.

Basi mwezi jana mwakilishi wetu wa wadi alikuja kukata utepe wa barabara ile ile kwa mara ya tatu, na haijawahi kumwagiwa hata changarawe, na siku hiyo hiyo lori likakwama kwenye matope, majani yakaharibika tukiyatazama, nikasema hii lazima niichore, lakini nikaogopa kumchora mwenyewe kwa sababu baba yangu anafanya kazi kiwandani na sisi ni wageni hapa, watu waliotoka upande wa ziwa, sikutaka mtu aje kutuuliza maswali, kwa hivyo nikabuni mheshimiwa wangu, nikampa tumbo, nikampa makasi, na uso ukaja wenyewe, nyusi nene, kofia ya sufu, mdomo umebinuka kidogo, nikaituma nikiwa na raha zangu. Ikasambaa kwenye WhatsApp mpaka Sotik na Sigor! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao, hadi nilipomwona Mzee Johana akileta majani yake, nikatazama zile nyusi, nikaandika kilo zake kwenye jina la mtu mwingine. Ni yeye. Na Mzee Johana ndiye baba ya Kiplangat, mchumba wangu.

Sasa sokoni wanamwita Mheshimiwa, wanamuuliza changarawe iko wapi. Mwanzoni alikuwa anacheka. Siku hizi haji kituoni, anamtuma binti yake Fancy, na ile katuni ameikata kwenye gazeti akaiweka ndani ya Biblia. Juzi nilikuwa kwao namimina chai, akamwambia Kiplangat, "Hii si mtu wa Nairobi. Huyu mtu ananijua mimi, amekaa na mimi." Nikaimwaga chai yote kwenye sinia. Kiplangat akasema, "Wacha nimpate huyo Sindano, atanijua."

Na katikati ya hayo yote mhariri amenipigia simu, anataka nichore kila wiki, robo ukurasa, Shangazi, jambo nililoliota tangu darasa la nne, nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka! Lakini anataka mheshimiwa yule yule, uso ule ule, anasema wasomaji wameupenda. Koito yetu, siku ambayo watu wa Kiplangat watakuja kwetu kuongea mambo ya ndoa, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Phelis ananiambia, "Wewe nyamaza, olewa kwanza. Atajua ukiwa na mtoto, utafukuzwa na nani?" Nikatae kazi? Ninyamaze? Ama niseme nipoteze mume?

Aluoch (si jina lake halisi), Kiptere

Aluoch mwanangu, kwanza hongera, tena hongera sana! Katuni hiyo niliibandika kwenye mlango wa ofisi yangu, nikaicheka wiki nzima bila kujua kwamba namcheka mzee wa watu. Kazi uichukue. Ukiikataa nitakuja Kiptere mimi mwenyewe.

Sasa nikuchape kidogo. Eti uso ulikuja wenyewe! Ulikuja kutoka kwenye foleni yako, ambako umemtazama mzee huyo kila siku ya kuchuma. Wala kosa lako si nyusi. Ulimwogopa aliyekata utepe mara tatu, ukamtwika aibu yake mkulima ambaye lori likikwama, majani yanayoharibika ni yake. Mwenye makasi anatembea kifua mbele, na Mzee Johana amejifungia nyumbani. Hilo limeniuma, na nadhani limekuuma wewe pia, ndiyo maana umeandika.

Huyo Phelis mwambie apumzike. Mzee ameshajua kwamba aliyemchora amekula kwake. Ukinyamaza ataanza kuwashuku majirani na ndugu zake mmoja mmoja, na wewe utakuwa unawamiminia chai.

Leo mwambie Kiplangat. Atafoka, muache afoke. Kesho asubuhi nendeni pamoja kwa mzee, mapema, kabla majirani hawajaanza kupita kwake. Usibebe mkate wala sukari, ataona umekuja kumnunua. Mwambie hivi: "Baba, Sindano ni mimi. Nilimwogopa mheshimiwa, nikakuweka wewe mahali pake. Naomba unisamehe." Halafu funga mdomo. Usianze kumfundisha sanaa. Akikasirika, kaa hapo hapo mpaka amalize, na akitaka uyaseme hayo mbele ya watu sokoni, utayasema.

Mhariri mwambie uso huo hauchorwi tena, hata wasomaji walie. Kama bado unaogopa kwa ajili ya kazi ya baba yako, sikulaumu, mimi pia nina wazazi. Chora mkono, makasi, utepe na lori limezama mpaka madirishani. Hakuna mtu Kiptere atakayeuliza ni mkono wa nani.

Lakini usikawie, mama. Majina yenu nimeyabadilisha yote, ila umeandikia gazeti ambalo mzee mwenyewe analisoma, na mambo ya nyusi, Biblia na chai kwenye sinia atayatambua kabla hajafika nusu ya ukurasa. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatano. Gazeti linatoka Jumamosi hii.