Nilimshukuru kwa Tableti Kama kwa Ng'ombe

(Majina ya watu na ya kijiji tumeyabadilisha, kama mwandishi wa barua alivyoliomba gazeti letu.)

Mpendwa Mama Spès,

Nakuomba msaada, na kabla ya msaada nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka kwanza kisha akaniambia nizoee, na mimi nina miaka sabini na miwili, nimekwisha kuzoea mambo mengi kuliko wao, nimezoea kuishi Mulongwe kwenye chumba cha kupanga ilhali nilikuwa na nyumba yangu ya mabati kule juu milimani, nimezoea kununua maziwa, jambo ambalo marehemu baba yangu asingelisadiki. Lakini hiki kidude cha kioo sijakizoea na sioni kama nitakizoea.

Nilikuwa mwalimu, baadaye mkurugenzi wa shule ya msingi ya Kabingo, kijiji chetu cha Hauts Plateaux, zile nyanda za juu, mpaka siku tulipokimbia tukateremka na vitu vya kubeba kichwani, na tangu hapo, miaka mingi sasa, naandika kitabu kimoja tu. Si hadithi. Ni orodha ya kijiji: nyumba mia moja na kumi na mbili, nani alijenga, alioa wapi, alizaa nani, na wafu wa nyumba hiyo wamelala upande gani na chini ya mti gani, kwa sababu siku watoto wetu watakaporudi watakuta majani tu, na mtoto asiyejua kaburi la babu yake atalima juu yake. Nilianza kwenye madaftari. Madaftari matatu yalichukuliwa na mto mwaka ule wa mafuriko, na hapo ndipo nilipoapa kwamba kitu hiki sitakiandika tena kwenye karatasi, nikanunua ordinateri, yaani kompyuta, ya kukunja, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, herufi zake nyingine zimefutika, betri imekufa kabisa hivi kwamba umeme ukikatika nayo inakatika, lakini mama, ile ilikuwa mashine ya kazi. Niliweka orodha upande wa kushoto na maelezo upande wa kulia, macho yanakwenda na kurudi, kama ninavyosahihisha mitihani.

Basi mwaka jana, mwezi wa kumi, mkwe mwenzangu Rwabuhihi, baba wa mke wa mwanangu Étienne, mtu wa biashara huko Kamanyola, alikuja kwangu na wageni sita, akasema amesikia ninavyoteswa na umeme, akafungua mfuko akatoa tableti mpya ndani ya kartoni yake. Étienne alikuwa anajua. Akasema, "Papa, hii iko ordinateri tu, ni vile iko mwembamba. Ile yako unaweza kuiachilia." Sasa, kama hujui nakueleza, kwetu sisi watu wa ng'ombe zawadi ya mkwe haipokelewi kwa asante kavu. Nilisimama mbele ya wageni nikashukuru kama tunavyomshukuru mtu kwa ng'ombe: nikaisifu rangi, nikalisifu umbo, nikamtaja Rwabuhihi na baba yake na babu yake, nikasema nyumba yangu haitakosa maziwa tena. Wakapiga makofi. Na hapo, kwa furaha, na kidogo kwa majivuno, nikafanya jambo ambalo sasa linanila. Aliyepewa ng'ombe humrudishia aliyempa ndama, ndiyo heshima yetu, nami sikuwa na ndama, nikachukua ordinateri yangu nikamkabidhi Rwabuhihi siku hiyo hiyo, iwe ya binti yake Mutoni, mwanafunzi anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo. Étienne alikuwa amekwisha kukihamishia kitabu changu kwenye tableti kabla chai haijapoa.

Tangu siku hiyo sijaandika hata nyumba moja mpya, nashona tu viraka vya zile za zamani. Orodha yangu ina safu saba, tableti inanionyesha mbili. Nikiitaka ya sita nasukuma kwa kidole, na nikifika huko jina la mwenye nyumba limekwisha kutoka kwenye kioo, sijui tena niko kwa nani. Nikigusa ili niandike, klaviye, kile kibao cha herufi, inapanda kutoka chini kama maji ya mto wetu, inafunika nusu ya ukurasa. Nikasema basi, nikanunua sokoni klaviye ya pembeni, ile isiyo na waya, hiyo nayo inasinzia, naandika neno zima hakuna kinachoonekana, halafu inatapika herufi zote kwa pamoja. Nikitaka kuchapisha, kijana wa duka la fotokopi ananiomba kle, kile kidude cha kuchomeka, na tableti haina tundu la kukichomeka. Étienne ananiambia kazi yangu ipo mawinguni, nikamwuliza huko nani anaichunga, akasema, "Papa, tia mega za intaneti tu, itashuka." Wafu wa Kabingo wanangoja mega.

Na anapokuja kunifundisha hakai. "Papa, weye unapiga kioo kama unapiga mulango. Gusa polepole." Nagusa polepole. "Sasa haujagusa." Nagusa tena. "Papa, umefunga yote."

Mwezi wa pili, kwenye mkutano wetu wa familia za Kabingo baada ya ibada, nilisoma nyumba ishirini nilizokuwa nimezisahihisha kwenye kioo. Nilipomaliza, mjane mmoja alisimama, akaniuliza taratibu, bila hasira: "Mwalimu, bwana yangu ulimuzika mu lupango ya jirani?" Nilikuwa nimeruka mstari mmoja nikisukuma kwa kidole, na mtu aliyekufa kwa heshima, akalala chini ya mti alioupanda mwenyewe, nimemhamishia uani kwa watu wengine. Katika miaka thelathini na minne ya kushika chaki sijawahi kusimama mbele ya watu hivyo. Niliomba radhi, na tangu hapo siuamini mstari wowote niliougusa kwa kidole.

Zimebaki nyumba kumi na tisa, za upande wa juu, karibu na chemchemi, na anayezijua yuko mmoja tu aliye hai, bibi Mukarusanga, anayekaa kwa mjukuu wake mtaa wa Kavimvira, amepita miaka tisini na kifua kinamsumbua tangu mvua zilipoanza. Nilikuwa nakwenda kwake kila Alhamisi, ananihadithia nyumba moja, narudi mbio niichape kabla haijanitoka kichwani. Tangu tableti ifike sijakwenda, miezi sita sasa, maana nikisikiliza nitayaweka wapi? Nataka kwanza niishinde mashine hii. Yeye ananitumia salamu kwa wapita njia: "Mwambieni Ngoga miye niko na majina yake hapa, yamenijaa mu kinywa, akuje ayatoshe inje."

Nifanyeje, mama? Kumwambia mkwe kwamba ng'ombe wake hana maziwa ni kumtukana mbele ya wale wale waliopiga makofi, na mke wa mwanangu atanitazama kwa jicho gani? Kuiomba ya zamani irudi ni kumnyang'anya Mutoni. Kununua nyingine siwezi, hali ya mwalimu mstaafu unaijua. Na kuendelea hivi ni kuwazika watu wangu ovyo mara ya pili. Tafadhali badilisha majina yetu, Rwabuhihi anasoma gazeti.

Ngoga, mwalimu wa zamani,
Mulongwe

*

Mwalimu Ngoga,

Nimeisoma barua yako mara mbili na sikucheka, isipokuwa pale penye klaviye inayosinzia. Hapo unisamehe.

Unasema tableti si ordinateri. Kwa kazi yako, ni kweli, na ukome kutaja umri wako kana kwamba kosa liko kwenye mifupa. Mwanao anaitumia ya kwake kutazama mpira na kutuma sauti, kwa hiyo kwake "iko ordinateri tu". Hajawahi kuongoza safu saba kwa kidole kimoja. Akija tena, mpe nyumba tano azijaze yeye, umkalie pembeni, umwambie aguse polepole.

Hapo nimekuhurumia. Sasa nikugombeze.

Mistari yako kuhusu kioo, klaviye na mega niliihesabu nikachoka. Mukarusanga umemweka mwishoni, kwa mistari michache, kama anwani. Bibi wa zaidi ya miaka tisini, mwenye kifua, amebaki na nyumba kumi na tisa ambazo hakuna mwingine anayezijua, anakuita kwa midomo ya wapita njia, nawe umekaa chumbani miezi sita unapigana na klaviye. Unangoja kuishinda mashine kwanza. Yeye amngoje nani?

Unauliza utayaweka wapi maneno yake. Mwalimu, barua yako imenifikia ikiwa kurasa nne za daftari, kwa kalamu, mwandiko wa ubaoni, hakuna neno lililokatwa. Kiapo chako cha karatasi umekwisha kukivunja, na umekivunja kwa ajili ya kunilalamikia mimi. Kivunje basi kwa ajili yake.

Na tableti hiyo hiyo uibebe. Ile ordinateri yako nzito isiyo na betri haikuweza kufika Kavimvira hata siku moja, ndiyo maana ulikuwa unarudi mbio na majina kichwani. Hii inafika. Inanasa sauti siku nzima bila umeme na bila mega. Iweke kwenye kigoda mbele yake, Étienne akuonyeshe mahali pa kugusa, mara moja tu, kisha uache bibi aseme. Mwombe apange upande ule wa juu kwa punje za mahindi kwenye mkeka, kila punje nyumba, chemchemi iwe kikombe, nawe upige picha. Hayo ndiyo maziwa ya ng'ombe huyu. Miezi sita umekuwa ukimkamua kwenye pembe, halafu unasema hana kitu.

Tuje kwa mkwe. Mimi ni binti wa wakulima wa Runingu, ng'ombe nilimjua kwa maziwa ya kununua, kwa hiyo nilitafuta wa kumwuliza. Yuko mzee wa kwenu anayefanya kazi nyumba ya jirani na ofisi yetu. Nilimsomea sehemu ile ya zawadi bila kukutaja. Hakuniacha nimalize. "Alirudisha ndama siku ile ile? Huyo ndama alizaliwa saa ngapi?" Akanieleza kwamba ndama wa kurudisha hutoka kwa ng'ombe uliyepewa, akisha kuzaa kwako, hata ikipita miaka miwili, na kwamba kumrudishia mtu papo hapo ni kama kumwambia tumemalizana, urafiki wako sikuuhitaji. Wewe unaandika mila za kijiji kizima na hii ikakupita mbele ya wageni sita, kwa ajili ya makofi.

Kwa hiyo la kuombea radhi si zawadi ya Rwabuhihi, ni haraka yako. Nenda Kamanyola, wewe mwenyewe, usimtume Étienne. Usiseme neno moja baya juu ya tableti. Sema: "Mkwe, ng'ombe wako hajazaa kwangu bado, nami nilikuletea ndama kabla ya siku yake. Niruhusu arudi anyonye." Kitakachozaliwa ni kitabu. Siku kitakapotoka kwenye mashine ya kuchapia, nakala ya kwanza na ordinateri hiyo zitakwenda nyumbani kwake, mbele ya wageni wale wale, na hapo ujisifu mpaka uchoke. Mtu anayekuja kwako na mashahidi sita anaijua mila. Atakuelewa, huenda alikwisha kuumia kimya siku ile ile.

Mutoni asiguswe mpaka akabidhi kazi yake shuleni. Mpaka hapo huna haja na safu saba, una nyumba kumi na tisa za kusikiliza. Zimalize kwanza kwa sauti na kwa kalamu.

Étienne naye ana deni la kazi. Akishushe kitabu kutoka huko mawinguni kikae ndani ya tableti, kifunguke bila mega. Akatafute kwa wauza vifaa vya simu ule waya mfupi wa kuunganishia kle, upo, si kitu cha ajabu. Atoe nakala mbili, moja ikae kwa mtu asiyeishi karibu na mto. Mto wenu unaujua kuliko mimi.

Na yule mjane. Ulimwomba radhi mkutanoni, mbele za watu, na hiyo ilikuwa radhi ya mwalimu. Nenda nyumbani kwake na karatasi, andika mbele yake mahali mumewe alipolala, jina la ule mti aliokuwa ameupanda, umsomee asikie. Kama kuna neno amelikataa, lifute hapo hapo.

Lakini haya yote ni ya pili, hata safari ya Kamanyola. Umeniambia siku yako ya kwenda kwa Mukarusanga ilikuwa Alhamisi. Gazeti hili linatoka Jumatatu asubuhi. Usingoje Alhamisi.

Mama Spès