Kichwa Kilichooshwa Bure

Kalemie, Ijumaa jioni

Kumbe bure nilikisugua kichwa na sabuni asubuhi yote! Sikutaka wake za watu wa biro za serikali, wale wanaojaa saluni ya Mama Feza, wasikie harufu ya ndagala, wale samaki wadogo ninaoanika kila siku kando ya ziwa.

Mama Feza alishika nywele zangu, akaweka brashi chini. "Mama Kalunga, nani alikuambia uoshe? Mafuta ya kichwa chenyewe njo yanalinda ngozi. Nikikupaka dawa ya rangi leo, utaungua. Rudi Jumatatu, na usioshe tena."

Alisema kwa sauti, wote wakasikia. Nilikasirika kabisa.

Lakini kabla sijatoka alikata kishungi kidogo nyuma ya sikio, akakichovya kwenye dawa. Kikageuka rangi ya asali. Akakivuta kwa nguvu, hakikukatika.

"Nywele ni nzima, Mama. Tungoje ngozi tu."

Hapo moyo ulitulia. Nywele za dada yangu zilikatika zote kwa dawa hiyo hiyo, na sikuwa nimemwambia mutu kwamba naogopa.

Basi, kesho naanika ndagala bila kufunga kichwani kitambaa cha kuzuia harufu. Jumatatu nitakaa kwenye kile kiti, katikati ya wale wake za watu wa biro. Wakinusa, wanuse.