Thomas Bowen Hakutoroka

Jumanne, 7 Machi 2006

Darasani tena, chumba cha juu cha maktaba. Hita inatoa kelele, joto haitoi. Tuko wanafunzi tisa. Wanane wamestaafu, wazungu wote, wana miwani na chupa za chai. Wa tisa mimi, nimetoka moja kwa moja kiwanda cha kufulia cha Nechells, mikono inanuka sabuni ya mashuka ya hospitali.

Tunasoma hati za kale za kaunti ya Shropshire, huko kwenye mashamba na kondoo. Tunawatafuta askari wa kijiji kimoja waliopigana vile vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe, mfalme na bunge lake, zaidi ya miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Tukiwapata, majina yao yataandikwa kwenye ubao kanisani kwao. Mwalimu wetu, Bwana Clive, amenipa orodha ya kikosi cha kapteni mmoja. Watu kumi na wawili. Mwandiko mbaya, mbaya kweli.

Wa mwisho: Tho: Bowen. Mbele ya jina karani kaandika neno moja tu. Runne. Katoroka.

Clive akampiga mstari wa penseli. Watoro hawaingii ubaoni. Basi, kaondoka hivyo. Sijui kwa nini amenikaa rohoni.

Alhamisi, 9 Machi

Kiwandani wamenishika. Eti juzi sikuja kazini. Juzi! Nilikunja mashuka mpaka viganja vikawaka moto.

Tatizo ni lile lile linalonifuata kila ninapoandikishwa. Kwenye karatasi zao yupo Z. Saeed na yupo Zuena Said. Mmoja alikuja, mwingine hakuonekana. Wote ni mimi. Nikamwambia msimamizi: Zuwena Said ni mmoja, na huyu hapa kasimama mbele yako. Akasema atarekebisha. Mwaka wa tatu huu anarekebisha.

Hodan, mwenzangu wa mashine, Msomali wa Nairobi, alicheka hadi akakaa juu ya kapu la nguo. "Si umwambie huyo mwingine akuje basi, atusaidie kukunja!"

Sikucheka. Baadaye nilicheka kidogo.

Jumanne, 14 Machi

Nimempata. Wallahi nimempata.

Leo tumegawiwa barua za maombi, watu wa kaunti ile wakiwalilia mahakimu baada ya vita kwisha. Ya kwangu ya tatu: Tho: Powen. Askari wa kapteni yule yule. Mguu umekatwa. Anaomba kibali ajenge kibanda kwenye ardhi ya malisho, akae yeye na mkewe Gwen.

Mimi husoma kwa sauti. Wenzangu wanakereka, shauri yao. Nimefundishwa na barua za bibi yangu kutoka Pemba. Bibi aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi yake moja ilibeba b na p pamoja. Nikiwa na miaka minane nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasoma, "Papa kamleta baba." Watu wakaanguka chini. Baba ndiye aliyeleta papa, papa mkavu wa kula. Tangu siku ile sisomi kwa macho tu. Natamka, nasikiliza, nauliza maana inakubali?

Powen. Bowen. Nikatamka mara tano. Karani aliandika alichosikia, na kila karani na sikio lake. Clive mwenyewe alitueleza mwezi uliopita kwamba watu wa upande wa Wales husema ap Owen, yaani bin Owen. Iseme haraka uone inatoka nini.

Nikamwambia ni mtu mmoja. Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mtoto peremende. Akasema hao ni wawili, dear, tusiende mbio. Nikauliza, huyu Powen ataingia ubaoni? Hapana, hayumo kwenye orodha ya kikosi. Na Bowen? Hapana, alitoroka.

Kwa hiyo mtu mmoja kafukuzwa mara mbili. Nimepanda basi nina hasira mpaka masikio yanavuma.

Jumatano, 15 Machi

Nimemsimulia Rahma, mwanangu. Yeye Kiswahili anakisikia chote, kujibu ni Kiingereza. "Mum, he's been dead for like three hundred years."

Nikamwambia kafa kweli, ndiyo maana hawezi kujisemea.

Jumatatu, 20 Machi

Nimeomba ruhusa ya Ijumaa. Msimamizi akauliza, ruhusa ya nani, Saeed au Said? Alidhani anatania. Nikamjibu ya wote wawili.

Ijumaa, 24 Machi

Treni ya asubuhi hadi Shrewsbury, kwenye nyumba ya nyaraka za kaunti. Mkate wa kumimina kwenye mkoba, haukuruhusiwa kuingia ndani, ukabaki kabatini na koti. Nimekaa mbele ya daftari la kanisa la kijiji saa tano nzima. Ubatizo, ndoa, maziko. Macho yamevimba. Hodan aliniuliza jana, "Wazungu walipigana wao kwa wao, wewe unaingilia wapi?" Saa ya nne nilianza kujiuliza mwenyewe.

Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa maziko: Gwen, mke wa Thomas Bowen, askari kilema, wa kibanda cha malishoni.

Gwen yule yule. Kibanda kile kile. B, siyo P.

Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti. Mtunza nyaraka akanitazama. Nami nikamtazama.

Sasa naona ilivyokuwa. Karani kaita majina, Bowen hakuitika. Kalala mahali bila mguu, pengine kwenye nyasi, pengine kwenye zizi la mtu. Karani hakwenda kutafuta. Kaandika neno lake na kufunga daftari. Namjua karani huyo. Nafanya naye kazi.

Jumanne, 28 Machi

Clive kasoma nakala zangu. Kavua miwani, kavaa, kavua tena. Akakiri: inawezekana kabisa, kazi nzuri. Nikangoja. Akasema ila ubao umeshaandikwa, majina kumi na moja, fundi kamaliza. Akaomba radhi. Labda siku nyingine.

Siku nyingine ipi? Watapigana tena?

Kunituliza, akaniomba siku ya kuzindua ubao nisome mimi majina ya kikosi changu mbele ya watu. Nimekubali upesi. Hakuuliza nitasoma mangapi.

Jumamosi, 22 Aprili

Kanisa dogo, baridi ya mawe. Nilivaa mtandio wangu wa kijani, ule mzuri. Watu kama arobaini, buti zina matope. Ubao unang'aa ukutani.

Nilisimama kama nilivyosimama siku ile ya papa. Nikasoma taratibu. Kumi na moja. Clive akaanza kuinua mikono apige makofi.

Nikasema, Thomas Bowen. Nikasema, alikatwa mguu, hakutoroka.

Clive kawa mwekundu hadi shingoni. Sikuondoka. Mzee mmoja nyuma, mkulima kwa mavazi yake, akasimama. Alisimama tu na kofia mkononi. Wakasimama na wengine, siyo wote.

Clive hakuniaga. Sijuti hata chembe. Ningerudi kesho ningesema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Jumatatu, 15 Mei

Bahasha kutoka kwa Clive. Hamna barua, kijitabu tu cha utafiti wetu, kipya, kinanuka wino.

Ukurasa wa kikosi changu. Majina kumi na mawili. La mwisho: Thomas Bowen, aliyeandikwa pia Powen, askari, alijeruhiwa. Neno la karani halimo. Nimelitazama hadi chai ikapoa.

Ukurasa wa mwisho, shukrani kwa wanafunzi waliosoma hati. Nikahesabu. Kumi. Tulikuwa tisa. Nikahesabu tena kwa kidole.

Z. Saeed. Na mistari miwili chini yake, Zuena Said.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Kisha nikachukua kalamu ya Rahma, nikayaunga majina yale mawili kwa mstari. Pembeni nikaandika: mtu mmoja. Nikasoma kwa sauti. Maana inakubali.