Kabati la Kijivu, Ati Mama Achague

Alkhamisi, mfunguo tano. Kumekucha manyunyu, jua halikutoka mpaka adhuhuri, na goti langu la kulia lilikuwa lishanambia tangu jana.

Nimechoka, na si kwa kazi. Nimechoka kwa kuulizwa.

Nyumba yetu hii ya Ng'ambo itavunjwa, mtaa mzima tunahamishiwa majumba mapya ya Michenzani. Hilo sikuulizwa. Tumepewa ghorofa ya tatu, mimi na goti langu. Sikuulizwa. Kitanda changu cha samadari nilichoolewa nacho, mwanangu Haji kasema hakipiti kwenye ngazi, kakitoa. Sikuulizwa. Lakini kabati la kunawia la kuweka chooni huko ghorofani, hilo sasa, ati mama achague.

Mimi tangu nina akili zangu natia udhu nimechutama juu ya kibao, pembeni mwa birika la maji lililojengewa chooni, kata ya kuchotea mkononi, mlango nimeutia komeo. Huko tuendako hakuna birika. Kuna bomba, na ukuta, na nafasi ya kusimama mtu na nusu. Na hata birika lingekuwapo, kuchutama siwezi tena.

Haya, nshaandika. Siwezi tena.

Mwezi uliopita niliteleza chooni humu humu. Zuhura, mke wa Haji, akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka, akanikuta chini kama nilivyozaliwa. Akanifunika kanga, akaninyanyua. Haji akatia komeo jipya. Tangu siku hiyo Zuhura ananisihi nisilifunge, na mimi tangu siku hiyo nalifunga, na ndoo naiweka nyuma ya mlango juu ya hivyo. Mkaza mwana hakuletwa nyumbani kuja kumuona mama mkwe uchi.

Basi leo wakanichukua mpaka Darajani, duka la Bwana Kasam, mzee wa Kihindi anayeuza vilivyobaki ili afunge aende kwa watoto wake. Makabati ya kunawia yalibaki mawili. Moja jeupe, dogo, la kutundika ukutani. Haji analitaka hilo, chini yake paingie pipa, maana maji ya bomba huko juu hupanda yanapotaka yenyewe. Jengine kijivu kilichokoza, limesimama sakafuni kwa miguu yake, beseni juu, milango miwili chini. Zuhura analitaka hilo. Anasema halionyeshi uchafu. Muongo. Nnamjua akisema uongo, hutazama vidole vyake vya miguu.

Wakabishana kwa adabu, kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

Nikawaambia rangi gani hii, kama jivu la jikoni lililomwagiwa maji. Nikaliegemea lile la kijivu kwa mikono miwili na uzito wangu wote, nikitaraji liyumbe Zuhura aone haya.

Halikuyumba.

Goti ndilo lililokufa.

Nikawa nimeshika ukingo wa beseni, mbele siendi, nyuma sirudi. Nikiliachia naanguka, mbele ya mwanangu, mbele ya Bwana Kasam, mbele ya wanawake wawili waliokuja kutazama vikombe. Nikafanya ninachokijua. Nikasema. Nikalisema kabati, rangi yake, bawaba zake, milango yake inayofunguka kama mdomo wa mtu mbeya. Nikamsema Haji kwa kitanda changu. Haji akatazama dari. Bwana Kasam akasema, "Bi Mwanaidi, kabati hili limekukosea nini?" Wale wanawake wakacheka. Nikamjibu kwamba limekaa kama mposaji aliyekataliwa, halitaki kuondoka. Wakazidi kucheka. Mimi jasho linanitiririka mgongoni, na maneno yanakaribia kunishia.

Zuhura hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yangu. Akaja kama anayekuja kunibembeleza niwasamehe watu, akatia bega lake chini ya kwapa langu, akaninong'oneza:

"Niegemee, mama. Unseme mimi mpaka tufike nje."

Nikamsema. Nikamsema wali wake unaotoka laini kama wa mgonjwa, nikamsema kanga zake anazofunga ovyo, nikamsema mama yake aliyemlea hivyo. Kila hatua neno, na kila neno ananijibu, naam mama, kweli mama, mpaka barazani. Hapo akanikalisha. Akageuka akamwambia mumewe kwa sauti ya duka zima, "Mama kapenda la kijivu."

Sikupinga.

Lakini sikulipenda. Pipa halitakuwa na pa kukaa, na siku maji yasipopanda tutanawa kwa nini, kwa jivu? Haji kauliza hayo, nami nimemwambia anyamaze, mama keshachagua. Kuchagua gani. Nimechagua kwa vile sikuweza kuliachia. Juma lijalo watalipandisha ghorofani, na kila nikitia udhu nitalishika vile vile nilivyolishika leo, na sijui hiyo miguu yangu nitaioshaje. Nalichukia rangi yake. Naliogopa zaidi kwa kutoyumba kwake.

Magharibi nimeingia chooni. Nimesimama mbele ya mlango, mkono kwenye komeo. Uani Zuhura alikuwa anapepeta mchele. Nikasikia ungo umenyamaza.

Sikulifunga. Nimeurudisha mlango tu, na ndoo sikuitia nyuma yake.

Ungo ukaanza tena.

Asije akadhani nimemkubali. Kesho wali wake ukitoka laini, nitamwambia.