Sifuri ya Tangi la Mama

Kitangari, 1 Februari 1994

Mwanangu Ida,

Marahaba. Sisi tu wazima, hofu ni kwako huko Masasi. Mwanao Severina anakuulizia kila gari likipita.

Ile orodha ya dawa ya maji uliyoitoa kwenye komputa imebandikwa ofisi ya kijiji. Kila mwenye tangi la mvua ameangalia amepangiwa vijiko vingapi vya dawa. Jirani Baba Gideoni, mwenye tangi kubwa, kapewa sita. Mimi sifuri. Wenye matangi madogo wote tumepata sifuri, basi tunatamba mtaa mzima kwamba komputa imeona maji yetu ni safi. Nilishanunua kopo la dawa kwa Mahmudu, siku hizi duka lake lina kila kitu. Nimempa Baba Gideoni lote. Chai sasa haina harufu.

Kipindupindu kimeingia bondeni. Namshukuru Mungu nina mtoto aliyesoma.

Mama yako

Masasi, 10 Februari 1994

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, salamu ni fupi. Barua yako nimeipata leo.

Hiyo sifuri ni kosa langu. Komputa haijaona maji ya mtu, inajua ukubwa wa tangi tu. Kila lita elfu moja huwekwa vijiko sita. Mimi niliiamuru igawe lita kwa elfu kwanza, ndipo izidishe kwa sita, na nilitumia namba nzima tu, kwa hiyo kila kipande kisichotimia namba nzima inakitupa hapo hapo. Tangi lako la lita mia tisa halifiki elfu, likawa sifuri, na sifuri mara sita ni sifuri. Ningeanza na kuzidisha, ungepata vijiko vitano. Nilijaribu kwa matangi ya elfu na elfu mbili, majibu yakawa sawa, nikajisifu.

Usimpe Severina maji hayo bila kuyachemsha. Lichukue tena kopo kwa Baba Gideoni, weka vijiko vitano leo hii. Waambie na majirani, unitaje kwa jina kwamba kosa ni langu. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho. Naogopa, Mama.

Mwanao Ida

Kitangari, 13 Februari 1994

Mwanangu Ida,

Hujambo? Barua yako hatujaiona. Mvua imekata barabara, tangu Alhamisi hakuna gari lililopanda. Hii anashuka nayo kijana wa hapa, Nurdin, kwa baiskeli.

Jirani yetu Bi Ziada tumemzika jana. Naye alikuwa na tangi dogo kama langu, sijui alikunywa wapi maji mabaya.

Severina anaharisha na kutapika tangu alfajiri. Usishtuke, namwangalia. Baba Gideoni alileta ndoo ya maji ya kwake, nikaikataa kwa adabu. Maji yaliyohitaji vijiko sita yalikuwa machafu kiasi gani? Mtoto nampa ya tangi letu tu, kikombe baada ya kikombe. Ana kiu sana, anamaliza vyote.

Mama yako