Siku Nilipomng'oa Nahodha Raya

Jumatano, mwezi wa sita. Maskati.

Joto la leo halina adabu. Saa mbili asubuhi nimeshuka kwenye teksi Hamriya, miwani ikaingia ukungu papo hapo, abaya ikanigandia mgongoni. Nikapanda ngazi za studio nina hasira, na wala hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Uongo. Alikuwepo. Yuko miezi minane sasa.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kutia sauti kwenye katuni. Studio yetu ni ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, na tunatengeneza mfululizo wa Kiswahili kuhusu mji unaoelea angani. Katika sehemu ya tisa, ambayo tunairekodi wiki hii, Nahodha Raya anarudi na chombo kilichojaa maji kutoka mwezi wa mbali, na mji mzima unamshangilia. Waziri Shemsa, aliyeutumikia mji huo miaka ishirini bila kupigiwa makofi hata mara moja, anasimama nyuma ya pazia anatazama. Kesho yake anakwenda barazani na kusema Nahodha ameahidi kuwauzia maadui njia ya siri. Baraza linamwamini. Nahodha anavuliwa cheo.

Nahodha Raya ni Zuleikha. Waziri Shemsa ni mimi.

Nilimtaka Raya. Niandike wazi tu, maana humu daftarini ndimo nisimojipamba. Siku ya kugawana sauti nilikuwa nimeyahifadhi maneno yake yote. Bi Thuraya, mwenye studio na mwongozaji wetu, alinisikiliza mistari miwili akanikatiza: "Nasra mwanangu, sauti unayo. Lakini shujaa wangu hawezi kusema kama mtu wa bara. We nnakupa uwaziri."

Watu wakacheka. Babu zangu walirudi Oman kutoka Tabora, na Kiswahili chetu cha nyumbani ni hicho hicho walichokuja nacho. Babu zake Zuleikha walitoka Unguja. Yeye kwao ni Qurum, mtaa wa wenye nacho, ana gari lake, ana lafudhi ile ambayo kila mtu akiisikia anasema mashaallah. Na yeye siku ile alicheka.

Tangu hapo kila alichofanya kilinichoma. Akichelewa, nachukia. Akiwahi, nachukia zaidi. Akiniletea chai nashukuru kwa mdomo, moyoni nasema anajionesha.

Wiki iliyopita alinipa lifti hadi Matrah. Tukiwa kwenye foleni, akaniambia kuna kampuni ya Dubai imemwomba atume sauti yake waisikilize. Hajaamua. Anaogopa. "Usimwambie mtu, Nasra. Hata mama sijamwambia."

Mpaka leo sijui kwa nini alinichagua mimi.

Jumapili niliingia ofisini kwa Bi Thuraya, nikafunga mlango. Nikamwambia Zuleikha ameshatia saini Dubai. Kwamba ataondoka kabla hatujamaliza. Kwamba anawaambia watu studio yetu ni mchezo wa watoto wa shule. La kwanza nililitia chumvi. Mengine mawili nilitunga palepale nikiwa nimeketi, na yalinitoka vizuri kuliko lolote nililowahi kusema mbele ya maikrofoni.

Leo yametimia.

Tulikuwa sote chumba cha kurekodia. Bi Thuraya akanyoosha mkono, akamwambia Zuleikha amrudishie mswada wake. "Aliyeelekeza macho Dubai asitupotezee wakati." Basi. Bi Thuraya hakukaa hata kitako.

Zuleikha hakulia. Nilitaka alie. Aliuweka mswada mezani, akauliza taratibu, "Nani kakwambieni?"

Akatuzungukia kwa macho, mmoja mmoja. Yaliponifikia mimi nilijifanya nafunga kifungo cha abaya. Yakaenda kwa Deo.

Deo ni fundi wetu wa sauti, kijana wa Morogoro, mpole hadi unamsahau. Juzi Zuleikha alipokea simu ya Dubai humu humu, na Deo alikuwa pale kwenye mashine zake, amevaa hedifoni.

"Ni weye!" Zuleikha akasema. "Maikrofoni ilikuwa wazi, ukanisikiliza. Umekuja nchi za watu kutafuta riziki, badala yake unachimba maneno ya wanawake?"

"Dada, mimi sijasema neno. Naapa kwa Mungu."

"Unaapa! Mnafiki mkubwa."

Akamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Deo alisimama mikono ameitanua kidogo kama mtu anayepekuliwa. Nikamtazama Bi Thuraya. Yeye ndiye aliyejua. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo wangu, ofisini kwake. Nikasubiri aseme kuwa Deo hahusiki.

Alinitazama kidogo. Halafu akasema, "Deo, tutazungumza baadaye."

Deo anakaa nchi hii kwa kibali cha studio. Kwake neno hilo si dogo.

Nikanyamaza.

Zuleikha alipoondoka tukaendelea na kazi, kana kwamba aliyetoka ni mleta maji. Kiyoyozi huzimwa tukirekodi, kwa ajili ya kelele, na kile kichumba kikawa tanuri. Nikasimama nikamsema Nahodha Raya mbele ya baraza lote la mji wa angani. Nilimpaka kila uchafu. Nilimaliza kwa mara moja, bila kurudia hata neno. Deo, macho mekundu, akaninyanyulia kidole gumba nyuma ya kioo.

Kile kidole gumba.

Baada ya adhuhuri nikaenda ofisini. Nisijifanye mwema: sikwenda kwa ajili ya Deo. Nilikwenda kumwomba Raya. Kwa wiki nzima nilikuwa chooni kwetu nafanya mazoezi ya lafudhi ya Unguja, bomba la maji nimelifungua ili mama asinisikie.

Bi Thuraya hakuningojea nifike mwisho wa sentensi. "Nahodha nishampata. Mtoto wa dada yangu, anaanza kesho."

Nadhani nilibaki mdomo wazi, maana alitabasamu.

"We hapo ulipo ndo pako. Leo umenitisha hata mimi."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Deo. Nikasema, "Lakini Bi Thuraya, Deo hakusema kitu. Unajua."

"Nnajua. Na we unajua. Basi tunyamaze sote wawili." Akavuta karatasi zake. "Mkataba wake unakwisha mwezi ujao, na nna fundi mwengine, mtu wa kwetu. Mambo yamejipa yenyewe."

Nilitoka pale. Nilidhani nimemtumia Bi Thuraya kumwangusha Zuleikha. Kumbe yeye alikuwa na nafasi mbili za kuwapa watu wake, kazikusudia zamani, akikosa sababu tu, nami nikampelekea sababu hadi mezani. Ningeketi pale nimchukie hadi magharibi. Lakini chuki yenyewe ilikuwa imechoka, inanirudia mimi.

Baada ya alasiri nikachukua teksi hadi Qurum.

Zuleikha alitoka getini mwenyewe. Hakunikaribisha ndani, na watu wetu hata mgeni wasiyempenda humwambia pita. Tulisimama juani. Nikamwambia yote, kuanzia lifti ya Matrah hadi yale mawili niliyotunga. Sikulia, na sikumwambia nisamehe, maana nilijua ningelisema kwa ajili ya masikio yangu.

Akauliza, "Kwa nini?"

"Ulicheka. Siku ya kugawana sauti. Bi Thuraya aliponisema kwa lafudhi yangu, ulicheka."

"Kicheko kipi?"

Hakumbuki. Nilimtazama usoni na nikaona kweli hakumbuki. Miezi minane nimekibeba kitu ambacho mwenzangu hana habari nacho.

"Nilijua hunipendi," akasema. "Nikafikiri nikikwambia siri yangu utanipenda."

Hilo lilinipiga kuliko tusi. Ningependa anitukane, nipate pa kushika.

Kisha sura ikambadilika. "Na yule kijana? Maneno yote yale niliyomwambia mbele za watu?"

Nikasema bado watu wanadhani ni yeye.

"Mie kesho nakwenda kumtaka radhi kwa niliyoyasema mimi. Ya kwako sitakusemea. Kayaseme mwenyewe, mbele ya watu wale wale. Na hapa kwetu usije tena, Nasra."

Akafunga geti. Taratibu, bila kulibamiza. Nikatembea hadi barabara kubwa kutafuta teksi, magari yananipita yamefunga vioo, na niseme ukweli wa mwisho wenye aibu: hata wakati ule niliitazama ile nyumba na ile bougainvillea yao ukutani, nikaona wivu. Nimemdhulumu, nimekiri kwake, na bado simpendi. Nilidhani kukiri kunaondoa hilo. Hakuondoi.

Magharibi imeshaswaliwa. Mama yuko jikoni, ameniita mara mbili nikale. Simu iko hapa kando yangu na ina ujumbe wa Deo, ulioingia nikiwa bado kwenye teksi:

"Dada Nasra, leo wote walinigeukia isipokuwa wewe. Mungu akulinde."

Nimeusoma mara nyingi mno. Sijamjibu. Kila nikianza kuandika, kidole kinaandika pole, na pole si neno linalomtosha.

Kesho tunaanza saa tatu. Nitasubiri watu wote wafike, Bi Thuraya awepo na mtoto wa dada yake awepo, nami nitasema ni nani aliyepeleka maneno, ni yapi yalikuwa ya uongo, na kwamba mwenye studio alijua tangu Jumapili. Kazi nitaikosa, hilo halina mjadala. Huenda Deo naye akaikosa vilevile, maana Bi Thuraya ana mtu wake tayari. Lakini haitasemwa kuwa alikuwa mnafiki.

Usiku wa leo, yeye analala akidhani mimi ni mtu mwema. Hiyo ndiyo imani ya mwisho ninayomwibia.